Utepe Mwekundu kwenye Nyumba ya Fundichuma

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, pale Kasokola, nilimwonea wivu yatima. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili mtu asije akanionea huruma huko mbele. Watoto wengine waliwaonea wenzao wivu kwa sababu ya viatu, au baiskeli ya baba, au redio yenye betri mpya. Mimi nilimwonea wivu mtoto aliyezikiwa mama yake miezi miwili tu kabla, na wivu wenyewe haukuwa wa kitoto hata kidogo. Ulikuwa wa kukosa usingizi.

Bibi mzaa baba alikuwa na nyumba yake ndani ya mji wetu, hatua chache kutoka ya baba na mama, na mimi ndiye niliyelala naye. Kitanda kimoja, mimi ukutani, yeye upande wa mlango. Alikuwa akiniita "mke mwenzangu," maana mjukuu wa kike ni mke wa babu, na kwa vile babu alikuwa ameshafariki, tulibaki wajane wawili wa kupigana vijembe.

"Mke mwenzangu, umeamka?" alikuwa akisema asubuhi. "Mume wetu jana hakuja kwangu ndotoni. Alikuja kwako, eti?"

"Alikuja kwangu, akasema wewe umezeeka," nilikuwa nikijibu, na bibi anacheka mpaka anakohoa. Nililipenda jina lile kuliko Skola, jina langu la ubatizo, na nilijua kabisa kwamba hakuna mtoto mwingine katika ukoo mzima aliyeitwa hivyo.

Halafu akaja Editha. Alikuwa binti wa baba mdogo, aliyekuwa mvuvi Karema. Mkewe alipofariki, baba mdogo alipanda na mtoto kwenye lori la dagaa, wakashuka kwetu mchana wa jua kali wakinuka samaki wote wawili. Alikaa siku tatu, akarudi ziwani, Editha akabaki. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, macho makubwa, na mpole wa kuudhi. Huwezi kugombana na mtoto wa namna ile. Unamsukuma, anakuomba msamaha yeye.

Usiku wa kwanza bibi aliniambia nishuke chini nilale kwenye mkeka. "Mwenzako mgeni," alisema. Nikasema sawa, mgeni ni siku chache. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na mgeni bado yuko ukutani, kwenye nafasi yangu, na mimi niko chini nasikiliza jinsi bibi anavyomfunika shuka.

Bibi alikuwa akiishi kwa mikeka ya mafunjo. Unayakata bwawani, unayapasua, unayaanika, kisha unayashona kwa kamba na sindano ndefu, na mkeka ukiharibika kwenye kupasua basi umeharibika moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimefundishwa kupasua tangu nina miaka saba, na bado vipande vyangu vilitoka kimoja kinene kimoja chembamba. Editha alishika kisu siku ya kwanza, akapasua funjo kutoka kichwani hadi mguuni, vipande vyote sawa. Bibi aliviinua karibu na macho yake yaliyokuwa yameanza kufifia, akavipapasa.

"Jamani, mke mwenzangu!" alisema. "Mikono hii umeitoa wapi?"

Niligeuka kuitika. Sikuwa mimi niliyeitwa.

Sijui niieleze vipi siku ile. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia mpaka pua ikaziba, halafu nikarudi nikapasua mafunjo kama mtu anayechinja.

Bwawa lenyewe lilikuwa nyuma ya shamba letu la mahindi, mwendo wa robo saa hivi. Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao walinyweshea upande wa pili, ambako palikuwa tope tupu na nyayo. Upande wetu ulikuwa na mafunjo marefu kumpita mtu, na matete, na kwenye maji yaliyotulia yalikuwepo yungiyungi, yale maua ya bluu yanayofunguka jua likipanda na kujifunga alasiri. Kambale walikuwemo, na kenge mmoja mzee aliyependa kuota jua juu ya gogo, na vyura wa kila ukubwa. Ruba pia walikuwemo. Mimi niliwaogopa ruba kufa, kwa hiyo nilikata mafunjo ya pembeni tu, yale mafupi. Editha aliingia hadi kifuani, akatoka na ruba watatu mapajani, akawabandua mmoja mmoja kwa ukucha huku akiongea mambo mengine kabisa. Hata hilo nilimwonea wivu.

Na palikuwa na fundichuma. Ni ndege wa rangi ya udongo, mwenye kishungi nyuma ya kichwa, ndiyo maana kichwa chake kizima unakiona kama nyundo. Alikuwa akitembea kwenye maji mafupi akikoroga tope kwa miguu ili vyura waruke, na mara nyingine alisimama tu anajitazama majini kama bibi harusi. Nyumba yake ilikuwa kwenye panda ya mkuyu ulioinamia bwawa. Nasema nyumba kwa sababu siyo kiota kile. Ni lundo la vijiti na matope, kubwa kiasi cha mtoto kuingia na kulala, na juu ya paa lake ameweka takataka za kila aina: mifupa, matambara, kamba za nailoni, ngozi ya nyoka.

Bibi hakulitaja jina lake. Alimwita Mwenye Nyumba, na nywele zake akichana alizikusanya zote na kuzichoma moto ndege yule asije akaziokota.

"Yule hachagui," alitufundisha siku moja tukiwa tunaanika mafunjo, mimi na Editha tumekaa kila mmoja upande wake. "Akiokota kitu cha mtu akakipeleka mle, akili ya huyo mtu inahamia mle. Ataumwa. Ataongea na waliokufa kama mnavyoongea nyie hapo. Mwisho atawafuata."

"Si mnaibomoa tu nyumba?" niliuliza.

"Wee! Anayeibomoa hamalizi mwaka."

"Sasa mtu anaponaje, bibi?" Hilo aliuliza Editha.

"Kama Mwenye Nyumba kaiba mwenyewe, hakuna wa kumdai. Kama kapewa, basi aliyempa ndiye aende. Achukue kile alichotoa, na amwachie kitu cha mwili wake mwenyewe. Lakini nani mwenye akili akampe?"

Nilisikia vizuri sana. Sikuwa na nia yoyote siku ile, naapa. Nia ilikuja na kitenge.

Bibi alikuwa na kitenge kimoja cha maana, chekundu chenye maua ya manjano, alichokiweka sandukuni tangu babu akiwa hai. Kila Krismasi nilikuwa naomba kukishika tu. Mwaka ule akakitoa, akakikata, akamshonea Editha gauni kwa mkono, jioni nne mfululizo. Kipande kilichobaki akakifanya utepe wa kufunga kichwani. Niliungoja utepe ule. Nikasema moyoni gauni sawa, utepe hauwezi kunipita. Akamfunga nao Editha.

"Na mimi, bibi?"

Hakuniangalia. Alikuwa anauma uzi. "Wewe una mama," alisema.

Leo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, naliona neno lile lilivyokuwa la haki. Wakati ule lilikuwa tusi. Mama kila mtu anaye, niliwaza. Bibi nilikuwa naye mimi peke yangu.

Siku chache baadaye mgongo ulimuuma bibi, akatutuma mafunjo sisi wawili. Editha alivua utepe usilowe, akauweka juu ya rundo la mafunjo tuliyokwisha kukata, akaingia majini hadi nikawa simwoni tena, nasikia kisu tu. Fundichuma alikuwa ng'ambo kidogo, anakoroga tope lake. Nilitazama utepe, nikamtazama ndege. Nikauchukua, nikaenda pole pole hadi penye tope, nikautandaza vizuri uonekane, nikarudi nikachuchumaa.

Hakuja haraka. Alizunguka, akaacha, akaenda kula chura, akarudi. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo kama ninavyomwomba Mungu, chukua, chukua bwana. Mwisho akauinua kwa mdomo, akautikisa kutoa tope, akaruka nao hadi mkuyuni. Furaha niliyoipata pale sijawahi kuipata tena, na sitaki kuipata.

Tuliporudi nyumbani Editha alitafuta utepe wake kidogo tu, kisha akamwambia bibi umepotea majini. Bibi akasikitika, basi. Lakini mimi kila nilipokwenda kuchota maji niliuona kule juu, mwekundu, unapepea kwenye paa la Mwenye Nyumba. Siku ya kwanza niliutazama nikacheka. Siku ya pili sikucheka. Siku ya tano Editha aliamka anatetemeka, mwili moto.

Mama yangu hakuwa mtu wa mambo ya ndege. Alimpeleka zahanati, wakampa klorokwini, na Editha akaanza kuwashwa mwili mzima kama watu wengi walivyowashwa na dawa ile, anajikuna mpaka ngozi inatoka damu. Homa haikushuka. Siku ya tatu akaanza kuongea. Alikuwa amelala macho wazi, anatazama pembe ya chumba, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, nisubiri. Usitembee haraka, mama, nisubiri."

Niliposikia hivyo nilikumbuka maneno ya bibi. Nilikaa chini palepale mlangoni.

"Tumpeleke Mpanda hospitali kesho," mama alimwambia bibi. "Baba Skola amekwenda kuazima baiskeli. Hiyo ni malaria, mama. Imempanda kichwani."

"Mpelekeni," bibi alijibu. "Sikatai. Lakini mtoto anaongea na waliokufa, utepe wake haukupotea majini. Mwenye Nyumba kauiba, na hakuna wa kumdai. Mimi nakwenda kubomoa."

"Mama! Wewe mwenyewe ndiye unayesema anayebomoa hafikishi mwaka."

"Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Kama mwaka, achukue wangu. Huyu bado."

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata padri. Pale mlangoni, huku Editha anaita mama yake aliyekufa, na bibi anafunga kanga kiunoni akafe, kitu cha kwanza kilichonijia siyo huruma. Nilijiuliza: na mimi je, bibi angenifia? Wivu ulinikamata hata hapo, penye kifo. Ndipo nilipojiogopa. Nilijiona mimi ndiye mwenye kitu kibaya ndani, na siyo yule ndege.

Bibi alikuwa anatafuta panga. Nikatoka mbio.

Nilipita katikati ya mahindi, majani yananikata mikono, nikafika kwenye mkuyu. Nilikuwa sijawahi kupanda mti, maana kwetu mtoto wa kike kupanda mti ilikuwa aibu. Niliupanda. Sijui niliupandaje. Mkuyu ulikuwa umelala kidogo juu ya maji, nikawa natambaa kama kinyonga, nalia, nasema kwa sauti, "Shikamoo Mwenye Nyumba, ni mimi niliyekupa, ni mimi, usinirushe." Fundichuma alitoka chini ya nyumba yake akapiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta, akaenda kusimama kwenye matete. Ndani nilisikia vifaranga.

Utepe ulikuwa umefumwa kati ya vijiti, na nilihangaika kuuchomoa. Nilipoupata nikakumbuka kwamba lazima nimwachie changu. Cha mwili wangu mwenyewe, bibi alisema. Nilikuwa nimevaa gauni la shule. Nikaling'ata pindo kwa meno, nikachana kipande kirefu, na nywele nikang'oa chache, nikazifungia humo ili asije akasema nimempunja. Nikakichomeka mahali pale pale palipokuwa na utepe.

Nikashuka nikijua nimeshajiuza. Mtoto wa miaka kumi anaweza kujua kitu hivyo, bila shaka hata chembe. Nilitembea kurudi nyumbani nikiyaaga mahindi.

Nilikutana na bibi njiani, panga mkononi. Nilimpa utepe. Aliupapasa kama alivyopapasa mafunjo. Kisha akainama, akapapasa pindo la gauni langu, akafuata mchano kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Panga likamwanguka.

"Nyie watoto," alisema. "Nyie watoto mtaniua." Akaketi chini katikati ya njia akanishika miguu yote miwili, akalia.

Hakuniuliza kwa nini. Wala hakunisema kwa mtu. Mama alinichapa kwa ajili ya gauni, bibi akatazama tu, maana angeeleza nini?

Editha alipelekwa Mpanda alfajiri nyuma ya baiskeli, amefungwa na kanga mgongoni kwa baba, utepe kichwani. Huko wakamtundikia dripu ya kwinini. Baada ya siku tisa alirudi, masikio yanavuma, mwembamba kama funjo, mzima. Mama alisema kwinini. Bibi hakubishana naye.

Na mimi nilipandishwa kitandani. Tulilala watatu, mimi katikati, na bibi alinishika kifundo cha mguu usiku kucha. Nikijigeuza tu anaamka: "Upo?" Nasema nipo. Ilikuwa hivyo hadi mahindi yakavunwa, hadi mvua nyingine zikaja. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, bibi ana hofu juu yangu mimi mchana na usiku, na kila aliponishika mguu nilijisikia mwizi. Mwaka uliisha. Sikuumwa hata mafua.

Bibi amefariki siku nyingi. Editha aliolewa Ikola, anaanika dagaa na kuwauza kwa wafanyabiashara wa mjini. Miaka michache iliyopita nilikwenda kwake, nimebeba kisa hiki kooni. Nilimkuta kwenye vichanja vyake, na kabla sijakaa nikamwambia yote: utepe, ndege, tope. Nilisema haraka haraka, nikitazama chini.

Hakuacha kugeuza dagaa. "Nilikuona, dada," alisema.

"Uliniona wapi?"

"Pale pale. Nilikuwa kwenye mafunjo, nikageuka nikuulize kama yanatosha, nikakuona unautandaza. Nikanyamaza."

"Sasa kwa nini hukuja kuuchukua, Editha? Nilikaa pale muda mrefu sana namngoja."

"Si bibi alisema akichukua kitu chako unaongea na waliokufa?" Aliinua uso. "Nilikuwa na hamu na mama. Nikasema acha auchukue. Nikawa nakata taratibu, nisimfukuze."

Yeye akacheka kidogo, akanipiga bega. "Na wewe ulikuwa unanikera, bwana. Kila asubuhi mama mkubwa anakufokea, Skola, njoo unawe uso! Nilikuwa nakusikia, natamani nikuume."

Nilikuwa nimekuja Ikola na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga kwa miaka. Niliyapanga kwa ajili ya mtoto niliyemwibia utepe. Kwa mtoto aliyekata mafunjo taratibu ili ndege asiruke, sikuwa nimeandaa hata neno. Nikaingia upande wa pili wa kichanja, tukageuza dagaa pamoja mpaka mwisho, ndipo nikaweza kuuliza.

"Ulimwona?"

"Nilimwona," alisema. "Mara moja tu. Alikuwa mkali. Akaniambia rudi, kanawe uso."

Mpaka leo sijui kilichomrudisha Editha ni kwinini, ni kipande cha gauni langu, au ni karipio lile la mama yake. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nakesha kwenye mkeka nikihesabu kila anachopewa, yeye kule kitandani alikuwa anatafuta njia ya kuondoka. Na njia aliipata, mimi ndiye niliyemtandazia.